Mezani Mwenzako Haulizwi

Siku ya Alhamisi ya Mafuta, kabla Kwaresima haijaingia, jiji zima la Łódź nchini Poland hula maandazi ya jamu, na asiyekula huhesabiwa kuwa ama mgonjwa ama mchoyo. Foleni ya duka la mikate la mtaa wa Piotrkowska ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita duka la viatu, ikakunja kona. Katikati yake alisimama Bogna Wilczek, fundi wa miwani, ndani ya koti la zambarau na kofia ya sufi iliyomshuka hadi kwenye nyusi. Macho yalikuwa kwenye simu na uso umekunjamana, kwa sababu fumbo la karata la asubuhi hiyo lilikuwa limemshinda.

"Dabo," ikasema sauti nyuma ya sikio lake.

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kazi lililochafuka kwa grisi kifuani na skafu ya manjano ambayo aliyeifuma hakika alikuwa bado anajifunza.

"Unasemaje?"

"Hapo, dada. Jamaa amefungua moja kwa moja na kopa tatu. Wewe unayo kopa moja tu, na hizo nyingine zimekaa vizuri. Toa dabo, mwenzako achague."

"Kwa hiyo bwana huwa unasoma simu za watu."

"Nasoma karata tu. Ujumbe wa mapenzi nimeuruka."

"Hakuna ujumbe wa mapenzi."

"Ndiyo maana sikuchelewa kuuruka."

Bogna alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na hapo hapo akajichukia. Mwanamume anayejua briji na anayechekesha alishawahi kuwa naye. Aliitwa Ksawery, akawa mwenzake mezani kisha mume nyumbani, mpaka alipopata mwenzake mwingine mezani, na baada ya miezi michache nyumbani pia. Tangu hapo Bogna alikuwa akimtazama kila mtu kama anavyotazama miwani ya bei rahisi, akitafuta mkwaruzo kwanza.

Walipofika kaunta alishajua kwamba mrefu huyu anaitwa Tymon Sadurski, anatengeneza lifti, na skafu ameifuma mwenyewe. Na Tymon alishajua jina la klabu anayochezea Bogna. Jioni ile ile akatokea huko, na kiboksi cha maandazi kwapani.

*

Kwa asiyeujua mchezo huu, yatosha kujua haya. Briji huchezwa na wawili dhidi ya wawili, wenzi wakikaa kuelekeana. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila upande unapandisha dau, kutaja utashinda mizunguko mingapi na kwa rangi ipi. Lakini hakuna anayefungua mdomo. Kila mtu ana kisanduku cha vikadi vya madau pembeni, anachomoa na kuweka. Hukohoi, hukonyezi, huvuti pumzi ya kukata tamaa. Na kumuuliza mwenzako ana nini mkononi ni wizi mtupu. Watu wamefukuzwa klabu kwa kunyanyua nyusi tu.

Sasa, yupo mtu mwenye karata hafifu ila za rangi moja nyingi, ambaye badala ya kunyamaza anaruka mara moja hadi tatu. Huyo hataki kushinda. Anataka kuwaziba wapinzani njia, wasipate nafasi ya kuelezana kidogo kidogo. Wenyewe wanaiita bloki. Dawa yake ni dabo: kikadi kinachozidisha hesabu ya dau la mpinzani mara mbili, au kinachomwambia mwenzako ataje rangi yake. Bogna, aliyekuwa hodari kwa kila kitu kingine, bloki ilikuwa inamvuruga kabisa. Ikitua tu, alijikunyata, akapasi, yaani akaacha zamu ipite.

Klabu ilikuwa ghorofa ya juu ya maktaba, inanuka kahawa na makoti yaliyoloa theluji. Mwenye kauli pale alikuwa shangazi yake Bogna, Bibi Leokadia, nywele amezitia rangi ya biringani, shanga za kaharabu zimejaa shingoni. Ndiye aliyewaweka meza moja.

"Huyu wa lifti kakaa vizuri," alimnong'oneza Bogna. "Ila mchunguze. Wote wanakaa vizuri mwanzoni."

Bogna hakuhitaji kuambiwa.

Hata hivyo penzi likaja. Lilikuja kwa simu za mchana, Bogna akiwa na bisibisi ndogo mkononi na mteja mbele yake.

"Chura wangu mdogo, umekula?"

"Usiniite chura, nina mteja."

"Mwambie mteja anisalimie. Umekula?"

"Nimekula supu ya kiazisukari. Wewe?"

"Nimening'inia kwenye shimo la lifti, nakuwaza."

"Shika kamba, Tymon. Utaniwaza ukishuka."

Huko Poland mpenzi akikuita chura mdogo unatabasamu, na Bogna alitabasamu mpaka mteja akauliza kama uso wake una kichekesho. Walikula maandazi ya viazi na jibini katika kijiduka cha mama mmoja wa mtaa wa Bałuty, wakatembea kwenye theluji iliyogeuka tope, wakabusiana chini ya bomba la moshi la kiwanda cha nguo cha zamani. Alimpenda. Alimpenda na akaendelea kumchunguza, yote mawili kwa bidii ile ile.

Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa wa karata. Mpinzani alifungua kopa tatu. Tymon akapasi, mpinzani wa pili akapasi, ikamfikia Bogna mwenye kopa moja na mkono wa wastani. Akapasi naye. Karata zilipokwisha chezwa, Tymon alimwonyesha alichokuwa nacho: kopa tano nene na ree mbili.

"Ulikuwa na yote hayo, ukanyamaza?"

"Ningefanyaje? Dabo yangu ingekuambia uchague rangi, na mimi nilitaka hiyo hiyo ya kwao. Nilinyamaza nikikungoja. Ungetoa dabo wewe, tungewachinja."

"Ningejuaje kwamba unangoja? Ukimya wako na wa asiye na kitu unafanana."

"Unafanana, kweli. Ndiyo maana lazima umhesabie mwenzako kitu kidogo, hata kama hukioni."

"Mimi nikimhesabia mtu kitu nisichokiona," Bogna akasema, "huwa naachwa na nyumba tupu."

Tymon akamshika mkono chini ya meza.

*

Siku ya Pasaka ilipopita, mambo yakaanza kunuka. Tymon akawa anatoka nje kupokea simu. Bogna alimfuata mara moja mpaka kwenye ngazi za klabu, amebeba vikombe viwili vya chai kama kisingizio, akamsikia anasema kwa sauti ya chini, "Hapana, Bogna hajui. Nitamwambia mwenyewe."

Alirudi na chai yake. Vikombe vyote viwili akavimimina kwenye sinki.

Wiki iliyofuata mgeni akaingia klabuni: Oktawia Reszke wa Gdynia, mji wa pwani, mchezaji mkubwa, suti nyeupe isiyo na kunyanzi hata moja na viatu vyekundu vilivyogonga sakafu kama saa ya ukutani. Bogna na Tymon walikuwa katikati ya mnada. Oktawia akasimama nyuma ya kiti cha Tymon, akaweka mkono begani mwake.

"Bogna, mfaidi huyu angali wako," akasema, na hakupunguza sauti. "Kuanzia vuli ni mwenzangu, na anahamia Gdynia. Alikuja kwangu juzi juzi tu. Kwani hakukuambia?"

Meza za jirani ziliacha kuchanganya karata. Bogna alimtazama Tymon. Tymon masikio yalimwiva wekundu. Lakini mtu aliyeshika karata hajibizani na watazamaji, hiyo ndiyo adabu ya klabu zote kutoka Łódź hadi baharini, na Tymon alikuwa mtu wa adabu. Akachomoa kikadi cha pasi, akakiweka mezani, akanyamaza.

Bogna naye akapasi. Ungemwona usingejua kwamba kuna kitu kimemkatika kifuani.

Mtu mwingine angemsubiri mlangoni, angemshika skafu, angeuliza, Ulikwenda au hukwenda? Nawafahamu wanawake wa Łódź ambao wangeuliza na mwavuli mkononi. Lakini Bogna alikuwa amefundishwa karata tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na mtoto wa karata hajui kuuliza. Anaangalia. Anahesabu. Anangoja mwenzake aweke kitu mezani.

Basi akaangalia. Alinusa skafu ya manjano Tymon alipokwenda kunawa, ilinuka grisi. Alitazama viatu kama vina mchanga wa baharini. Simu ya mchana ikilia, aliiacha ilie mara nyingi kabla ya kupokea.

"Chura wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Akamsikia anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Jumapili ile ya mashindano ya masika," Tymon akasema mwishowe, "bado tunacheza pamoja?"

"Tumeshajiandikisha, Tymon. Mimi huwa simuachi mwenzangu njiani."

Alikusudia limchome, na lilimchoma. Hakupiga tena kwa siku kadhaa. Bogna akalia kwenye chumba cha kupimia macho, taa zimezimwa, halafu akajipaka poda na kumuuzia padri mmoja miwani ya kusomea.

Jioni akampigia shangazi.

"Usimuulize!" Bibi Leokadia akawaka, shanga zikilia kwenye simu. "Ukimuuliza mwanamume atakupa jibu, na jibu si kitu. Mwangalie tu. Mimi na marehemu mume wangu Wincenty tulikaa miaka thelathini, na sikumuuliza hata mara moja alikotoka."

"Na alikuwa mwaminifu, shangazi?"

Shanga zikaacha kulia kwenye simu.

"Nitajuaje, mwanangu?" akasema. "Sikumuuliza."

*

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa kiwanda cha pamba kilichogeuzwa hoteli, matofali mekundu, madirisha marefu, jua la Mei limemwagika juu ya vitambaa vya kijani vya meza. Bogna alivaa gauni la bluu lenye mkanda, alilolinunua wakati ule alipokuwa bado na furaha. Tymon alikuja amenyoa, shati limepigwa pasi, bila skafu. Walisalimiana kama watu waliokutana kwa daktari wa meno.

Walicheza vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mpaka saa za mwisho walikuwa wa pili katika ukumbi mzima. Ndipo wakafika kwenye meza ya Oktawia na mwenzake, Bwana Hipolit, mzee mwenye tai ya kipepeo anayeamini kwamba dunia nzima inaiba.

Oktawia alizitazama karata zake kidogo tu. Akaweka kikadi chekundu cha kuonya kwamba anaruka, kisha dau: shupaza tatu. Bloki.

Tymon alisubiri kidogo kama kanuni inavyotaka, akaweka pasi. Bwana Hipolit pasi. Ikamfikia Bogna.

Alikuwa na shupaza moja na karata nzuri za kutosha katika rangi nyingine. Akipasi, watapoteza kidogo, watabaki wa pili au wa tatu, na hakuna atakayemlaumu. Akitoa dabo, anasimama juu ya kitu asichokiona. Alimtazama Tymon. Tymon alikuwa ameinamia kitambaa cha meza, uso hausemi kitu, kama inavyompasa mchezaji mwaminifu. Ni ukimya ule ule wa siku ya Oktawia, na Bogna alikuwa amechoka nao. Amechoka kunusa skafu za watu. Ikiwa ni wa kuachwa na aachwe, lakini safari hii atakuwa amemhesabia mtu kitu.

Akaweka dabo.

Oktawia akapasi. Tymon alifikiri, akaweka pao nne. Na Bwana Hipolit, aliyekuwa amejificha na mkono mnene muda wote huo, akawapigia dabo kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Kwa kuwa Tymon ndiye aliyetaja pao, mchezo ukawa wake, na Bogna akafunua karata zake zote juu ya meza, kama ilivyo desturi.

"Ahsante, mwenzangu," Tymon akasema. Wachezaji wote husema hivyo, hata mwenzako akikufunulia takataka. Lakini yeye alilisema polepole, akimtazama.

Kisha akaanza kucheza, na karata zake zikatoka moja moja. Saba. Nne. Tano. Nyingine saba. Hapakuwa na mfalme, hapakuwa na malkia, hata ghulamu hapakuwa. Ukimya wake safari hii ulikuwa ukimya wa mtu asiye na chochote kabisa. Wakaanguka mizunguko minne, na nafasi ya pili ikaenda na maji.

Bogna aliisubiri hasira. Haikuja. Alikuwa amemwamini, imemgharimu, na bado yuko palepale kwenye kiti chake, anapumua. Alishangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi. Na akaona, kwa aibu iliyompandisha joto mpaka shingoni, kwamba ile dabo ndiyo kitu cha kwanza alichomuuliza Tymon tangu Pasaka.

"Tymon," akasema kwa sauti. "Ulikwenda Gdynia?"

Bwana Hipolit aliruka kama amekalia pini. "Refa! Refa! Wanaulizana!"

Refa, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, akaja mbio. "Kuna nini hapa?"

"Kamuuliza mwenzake swali! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Mchezo umekwisha?"

"Umekwisha, lakini..."

"Basi aulize." Refa akakunja mikono na hakuondoka.

Tymon alikuwa amepauka. "Nilikwenda," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa Oktawia. Alinipa nafasi kwenye timu yake. Tukala samaki gatini, akanionyesha ukumbi."

"Na ulitaka?"

"Nilitaka kujua kama nitatamani. Niliogopa kwamba nimekupenda kwa sababu sijaona kitu kingine. Nikaona. Sikutamani, Bogna. Nilirudi kwa treni ya kwanza, na alipopiga simu nikamkatalia."

"Nilikusikia kwenye ngazi. Ulisema Bogna hajui."

"Ndiyo simu hiyo hiyo. Alitaka akuambie yeye. Nikasema nitakuambia mwenyewe, halafu akaniwahi."

Bogna akamgeukia Oktawia. "Ulisema ni mwenzako kuanzia vuli."

Oktawia alikuwa anazikusanya karata, zikimponyoka. Kwa mara ya kwanza suti ile nyeupe ilionekana kubwa kuliko mwenyewe. "Nilikuwa nimeshakataliwa," akasema. "Nilijua nikisema kwa sauti hamtazungumza tena. Na kweli hamkuzungumza."

"Lakini kwa nini hukuniambia baada ya pale?" Bogna akamrudia Tymon, na sasa sauti ilikatika. "Siku zote hizo! Mimi nalia kwenye chumba cha kupimia macho!"

"Nilikungoja uniulize! Mwenye kujitetea kabla hajaulizwa anaonekana mwongo. Kila siku nilisema leo ataniuliza. Hukuuliza. Nikasema basi, huyu hajali hata nikihama."

"Mwenzako haulizwi!"

"Mezani, Bogna! Mezani tu!"

Upande wa dirishani Bibi Leokadia alikuwa amesimama, mkono kwenye shanga, na Bogna alimwona anajifuta macho kwa kona ya kitambaa cha meza. Refa alitazama saa yake, akaamua kwamba imesimama.

"Bado sijakuamini moja kwa moja," Bogna akasema. "Nakuambia mapema. Nitakuuliza ulikokwenda, na ulikula nini, na nani alikupigia. Nitakuuliza mpaka uchoke."

"Uliza."

"Na usinyamaze. Ukinyamaza tena mimi sijui kilichomo."

"Sinyamazi. Na mimi nina swali." Akaweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa cha kijani, vitupu, vina makovu ya nyaya za lifti. "Utaolewa na mimi?"

Bwana Hipolit alifungua mdomo, refa akamnyooshea kidole, akaufunga.

"Una nini mkononi?" Bogna akauliza.

"Sina kitu. Si umeona mwenyewe sasa hivi? Hata ghulamu mmoja."

Bogna alicheka na machozi yakiwa yanamshuka, na safari hii hakujichukia kwa kucheka.

"Nitaolewa," akasema, kwa sauti ambayo hata meza za mwisho ziliisikia.